Kisima cha Bondeni na Utafiti Mtambuka

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee wetu, na walisema kweli. Ila wazee hawakubahatika kuviona vidole arobaini vikikutana ukumbini kumjadili chawa. Chawa wa namna hiyo hufa kwa uzee, ameshawaoza mabinti na kuona wajukuu, na vidole humpigia makofi.

Nasema haya bila ubaya. Mimi ni mtumishi wa Chuo Kikuu cha Taifa, ngazi ya stashahada, na ngazi hiyo haina ubaya. Ubaya huanzia shahada ya pili. Nchi yetu sitaitaja kwa jina. Si woga. Jina lenyewe limo kwenye kamati tangu mwaka juzi, linaboreshwa.

Kazi yangu ni karani wa lugha. Kila tangazo linalotoka chuoni kwenda kwa wananchi hupita kwanza mezani kwangu, nilitie katika Kiswahili cha kueleweka. Kisha hupanda kwa wakubwa, nao huliondolea kasoro hiyo.

Naitwa Tabu. Mama alinizaa kwa shida ya siku mbili, na kwetu mtoto wa namna hiyo hana jina jingine. Jina halikuwahi kumuudhi mtu mpaka Waziri alipotangaza kwamba nchini mwetu hakuna tena matatizo, wala shida, wala dhiki, wala tabu. Kuna changamoto tu. Wiki iliyofuata Ofisi ya Utumishi ikanipa kitambulisho kipya: Bi Changamoto Kombo. Nilikivaa. Mama Shukuru, mwenye nyumba ninayopanga, alipokisoma alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Ingia ndani, Changamoto, ugali unapoa."

Huyo Mama Shukuru anakaa Bondeni, chini ya kilima chenye chuo. Bondeni hakuna bomba. Kuna kisima cha pampu, kilichochimbwa na chuo chenyewe kama zawadi, na ubavuni mwake kuna bamba la saruji lenye jina la Mkuu wa Chuo na maneno "Maji ni Uhai". Maji yake ni meupe, baridi, matamu kidogo. Watoto waliozaliwa baada ya kisima wana meno ya rangi ya chai, na wakianza kutembea miguu huanza kupinda. Shukuru, binti wa kwanza wa Mama Shukuru, ana miaka sita. Miguu yake ikisimama pamoja, katikati unapita mpira. Hawezi kukunja magoti akakaa mkao wa kawaida. Hukaa ameinyoosha mbele, na mtu akipita humwangalia kuona kama atazunguka au atamruka.

Mimi ndiye niliyemshauri mama yake achemshe maji. Nilisoma stashahada, nikajua vijidudu. Akachemsha. Miguu ilipozidi kupinda nikamwambia achemshe zaidi. Akachemsha zaidi.

*

Dakta Ngwale wa Idara ya Kemia ana jaketi moja la kahawia na sentensi moja. Jaketi alilikuta dukani, sentensi ilimchukua miaka mitatu. Alikuja nayo mezani kwangu asubuhi moja, imeandikwa kwa kalamu ya risasi:

Maji ya kisima cha Bondeni yana madini ya floridi mara nane ya kiasi salama, yanalemaza mifupa ya watoto, na yasinywewe.

Nikaisoma. Haikuhitaji nifanye chochote. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Na wakichemsha, Dakta?"

"Ukichemsha, maji yanapungua, madini hayapungui," alisema. "Yanabaki sufuriani, mazito zaidi, yanamsubiri mnywaji."

Nikasema sawa. Nikapiga chapa sentensi yake. Mikono ilikuwa inafanya kazi vizuri tu.

Kilichobaki ni muhuri wa Kurugenzi ya Utafiti. Kwa sheria ya chuo, matokeo yasiyo na muhuri ni siri ya chuo, na kila mtumishi amesaini kuitunza. Mimi pia nimesaini. Muhuri ulikuwa ghorofa moja juu yetu. Dakta Ngwale akapanda ngazi, akakuta mlango umebadilishwa kibao. Kibao kipya kilisema: Kituo cha Utafiti Mtambuka.

*

Neno hilo nalifahamu. Siku linapitishwa nilikuwa ukumbini namimina chai. Wizara ilikuwa imegundua kwamba nchi zilizoendelea hufanya utafiti unaochanganya taaluma nyingi, na kwamba sisi tulikuwa tumebaki nyuma kwa kuwa daktari wetu wa mifupa alikuwa anashughulika na mifupa. Likatafutwa neno. Wakalipata: mtambuka.

Nilimwambia Mkurugenzi wa Kituo, Profesa Evaristo Kalimbwani, kwa adabu zote, kwamba kutambuka ni kupanua hatua ukavuka juu ya kitu usikiguse. Mtu hutambuka dimbwi. Hutambuka mavi ya ng'ombe. Hutambuka mlevi aliyelala njiani. Kwa hiyo utafiti mtambuka, kwa Kiswahili fasaha, ni utafiti unaopita juu ya jambo bila kuligusa.

Profesa alifurahi sana. Alisema ndicho hasa walichokuwa wanakitafuta.

Profesa Kalimbwani ni mtu mrefu mwenye sauti ya kipaza sauti hata kisipokuwepo. Hakuna anachosema bila kuzingatia itifaki. Nimemsikia akiizingatia itifaki mlangoni mwa choo. Alimpokea Dakta Ngwale kwa mikono miwili, akaisoma sentensi, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Dakta, hii ni sentensi ya taaluma moja," alisema. "Ni sentensi ya ubinafsi. Kemia imekula peke yake."

Dakta akasema watoto wanakunywa maji leo. Profesa akasema ndiyo maana jambo lenyewe ni kubwa, na jambo kubwa haliachiwi mtu mmoja. Akaagiza sentensi ipitie idara ishirini na sita, kila moja iongeze mchango wake, hakuna kuondoa.

Siku sentensi inaanza safari, Mama Shukuru alikuwa na mimba ya miezi minane.

*

Nitasimulia kwa ufupi, maana nyaraka kamili zinajaza kabati mbili.

Idara ya Falsafa ilikaa wiki tatu juu ya neno "salama". Ikarudi na kusema usalama ni hali ya nafsi. Idara ya Uchumi ikaonya kwamba neno "yasinywewe" litaitikisa biashara ya ndoo. Idara ya Historia ikathibitisha kwamba watu wa bonde lile hawakuwahi kunyooka tangu enzi za ukoloni, na ikaambatisha picha ya zamani. Pichani watu wamesimama wima kama nguzo za simu, na chini yake pakaandikwa kwamba lile ni pozi tu. Idara ya Michezo ilifurahia matege. Ilisema mchezaji mwenye matege hupiga chenga kwa asili, ikaomba orodha ya watoto.

Idara ya Sanaa za Maonyesho ikatunga ngoma. Wanafunzi kumi na wawili, miguu yao imenyooka kama mikuki, walijifunza kuipinda kwa wiki sita. Mmoja aliteguka goti, akapelekwa hospitali siku hiyohiyo kwa gari la chuo.

Idara ya Kilimo iliandika kwamba haina la kusema. Ikajibiwa kwamba hilo nalo ni mchango, ikapewa ukurasa.

Dakta Ngwale alihudhuria vikao vyote. Mwanzoni alikuwa akinyoosha mkono. Baadaye alikuwa akiuweka mezani, umelala, kama kitu alichokiokota. Kikao cha kumi na tisa alisimama akasema, "Jamani, mimi naomba tu waambiwe wasinywe." Wakamshukuru kwa mchango, wakamkumbusha kwamba Kemia ilishachangia.

Nami nilikuwa naandika mihtasari. Kila jioni, kabla ya kushuka kilima, nilijaza chupa mbili kwenye bomba la ofisi, ambalo maji yake hutoka mlimani na hayana neno. Chupa hizo nilimpelekea Shukuru. Mama yake alidhani ni mapenzi. Alisema, "Huyu mtoto utamharibu, hata maji anataka ya ofisini."

Sikumwambia. Nilikuwa nimesaini. Nilikuwa nikikaa jikoni kwake, sufuria inachemka, naitazama inavyochemka, nasema moto mzuri leo.

*

Sentensi ilirudi baada ya miezi saba. Ilikuwa na kurasa mia mbili na arobaini, na kwa kuwa wananchi hawasomi kurasa mia mbili na arobaini, Kituo kiliifupisha ikawa sentensi tena. Iliwekwa mezani kwangu ikiwa na muhuri tayari:

Maji ya kisima cha Bondeni yana mahusiano mtambuka na mifupa ya wadau.

Nilipanda ghorofani kuuliza wadau ni akina nani.

"Watoto," alisema Profesa.

"Na mahusiano?"

"Bi Changamoto," alisema kwa upole, "tumetumia idara ishirini na sita ili kupata neno ambalo halimuumizi mtu. Usituharibie."

Uzinduzi wa sentensi ukafanywa kisimani penyewe. Turubai la wageni lilikuwa dogo na viti vya heshima vilikuwa vingi, kwa hiyo watoto wenye matege, ambao ndio walikuwa mfano hai, waliketishwa chini kwenye mikeka mbele kabisa, njiani. Walikaa kama wanavyoweza: miguu imenyooshwa. Shukuru alikuwa wa tatu, amevaa gauni la njano na soksi.

Wageni walifika wamechelewa. Hapakuwa na pa kupita ila mikekani. Profesa Kalimbwani alitangulia, akakunja joho lake mkononi, akapanua hatua, akamvuka mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyuma yake wakuu wa idara ishirini na sita, mmoja mmoja, kila mmoja akiinua joho. Sijawahi kuona Kituo kikifanya kazi yake kwa ukamilifu namna ile.

Kwetu mtoto harukwi. Ukimruka miguu atadumaa, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na ukimruka kwa bahati mbaya unarudi, unamruka tena kinyume, unalifungua ulilolifunga. Hata mlevi analijua hilo. Mama Shukuru alisimama na mtoto wake mchanga mgongoni.

"Mzee," alimwambia Profesa, "umemruka mwanangu. Rudi."

Profesa alitabasamu. Alieleza kwamba ratiba haina kipengele cha kurudi. Mkuu wa Idara ya Mila na Desturi alichomoa kinasa sauti, akamwomba mama arudie tena kauli hiyo kwa sauti, ni data nzuri mno. Mama Shukuru akaikaribia mashine.

"Rudini," alisema. "Nyote."

Ilinaswa vizuri. Hakuna aliyerudi. Ngoma ikachezwa, wanafunzi wakapinda miguu, wageni wakapiga makofi, na kila mgeni akapewa maji ya chupa kwa sababu ya jua.

*

Jioni ile Mama Shukuru alikuwa jikoni anapepeta unga wa uji. Mtoto mchanga anaitwa Sikitu. Alikuwa ametimiza miezi sita wiki hiyo, na kliniki walishamwambia mama yake aanze kumpa uji na maji.

"Nitaanza kesho," alisema. "Nitachemsha sana, kama ulivyonifundisha. Hebu niambie, wakubwa wamesemaje juu ya maji? Kile Kiswahili chao sikukipata."

Nikamsomea sentensi. Alisikiliza mpaka nukta.

"Mahusiano," alisema. "Mazuri au mabaya?"

Swali hilo halikuwahi kuulizwa katika idara ishirini na sita.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia kalamu ya risasi ya Dakta Ngwale mpaka chupa mbili za jioni, na kuhusu kuchemsha nikamwambia pia. Nilisema taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Nikamwomba radhi. Aliweka ungo chini, akaipua sufuria, akatoka nayo nje, akaimwaga. Nilisikia ardhi inavyonywa.

Aliporudi alisema, "Miaka miwili nachemsha, Tabu. Na miezi saba umekaa hapo kwenye kigoda unaniangalia."

Nikasema ndiyo.

"Basi kaandike," alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

*

Asubuhi nilipita Idara ya Sanaa nikaomba rangi nyekundu iliyobaki kwenye ngoma. Walinipa bila kuuliza. Walidhani ni mtambuka. Nikashuka kisimani wakati watu wamejipanga na ndoo, nikaandika kwenye bamba la saruji, juu ya jina la Mkuu wa Chuo, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi na ndipo kila mtu anapotazama akisubiri zamu:

MSINYWE MAJI HAYA. MSIPIKIE. YANAPINDA MIFUPA YA WATOTO. KUCHEMSHA HAKUSAIDII. CHOTENI KWENYE BOMBA LA CHUO.

Waliojua kusoma walisoma. Wasiojua wakasomewa. Bibi mmoja aliuliza "hakusaidii" maana yake hakusaidii kabisa au hakusaidii sana, akaambiwa kabisa, akageuza ndoo yake juu chini. Hakuna aliyenihitaji kufafanua. Niliziangalia zile sentensi tano, fupi, kila moja na nukta yake, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikasikia vidole vyangu ni vyangu.

Saa nne foleni ilikuwa imepanda kilima. Mbele alikuwa Mama Shukuru, Sikitu mgongoni, Shukuru kabebwa na jirani. Askari wa geti, ambaye naye ni mzaliwa wa Bondeni, akawauliza kibali kiko wapi. Mama Shukuru akamwambia kimeandikwa kisimani, kwa rangi nyekundu, akakisome. Askari akashuka. Aliporudi alikuwa na ndoo zake mbili, akafungua geti, akaingia wa kwanza. Walimzomea kwa kuruka foleni, akarudi nyuma.

*

Kamati ya Nidhamu ilikutana siku tatu baadaye. Waliokaa walikuwa kumi na mmoja, Profesa Kalimbwani mwenyekiti. Mashtaka yalisomwa. Nilikuwa nimetoa kwa umma matokeo ya taaluma moja. Nilikuwa nimetumia nukta tano pasipo idhini. Nilikuwa nimeandika "msinywe", ambalo ni katazo, ilhali Kituo kina mamlaka ya kupendekeza tu. Nilikuwa nimefunika jina la Mkuu wa Chuo kwa neno "mifupa".

Wakamwita Dakta Ngwale aseme kama maandishi yale ni kweli. Alisimama na jaketi lake. Kila mtu alijua kwamba mkataba wake ulikuwa unamalizika mwezi ule.

"Ni kweli," alisema. "Mimi nilitumia miaka mitatu, nikaongeza neno floridi. Halikuwa la lazima." Akakaa.

Kamati ikanong'ona kwa muda. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka getini zilisikika ndoo, na watu wakibishana nani alimtangulia nani. Chuo kilishajaribu kulifunga bomba mara moja, jana yake. Wakuu wa idara wakakuta wapishi wao, wafagizi wao na walinzi wao wote wamekaa chini getini, ndoo mapajani. Bomba likafunguliwa kabla ya chakula cha mchana. Miguu ya Shukuru haitanyooka. Dakta ameshaniambia, nami nimeshamwambia mama yake. Sikitu amekunywa uji wa maji ya mlimani siku nne mfululizo, na kikombe anataka kukishika mwenyewe.

Mama Shukuru bado hajanijibu ile radhi yangu. Ananiwekea chakula, hasemi nami. Hiyo ni haki yake.

Profesa alizingatia itifaki, kisha akaniambia kwamba Kamati ina huruma. Sitafukuzwa. Nitalifuta lile andishi kwa mkono wangu, nitasimama kwenye baraza la wafanyakazi, nitaomba radhi mbele ya idara zote, na jambo litaisha. Akasema hata fupi tu inatosha, mwanangu, neno moja, turudi kazini.

"Siombi radhi, Profesa."

Katibu aliacha kuandika. Profesa akainama mbele, akashusha sauti kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka barabara.

"Basi hata kwa lugha uliyotumia. Ile lugha, Bi Changamoto. Ilikuwa kavu mno."

"Kwa lugha ndiyo kabisa siombi," nilisema. Nikamgeukia Katibu. "Andika kama nilivyosema. Usiongeze neno."